Leva ya Pili, Jua Likiwa Limezama

Juzi pale Suneka nilikuwa natoka sokoni na mkungu wangu wa ndizi, nikapita mbele ya kinu cha kusagia mahindi. Fundi alikuwa amekifungua. Vyuma vilikuwa vimelala juu ya gunia, naye alikuwa akivipaka grisi kwa kidole kimoja baada ya kuvifuta kwa kitambaa chenye mafuta taa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na bati lilikuwa linatoa mvuke. Harufu ile ya grisi, mafuta taa na chuma kilicholowa ilinishika, nikasimama.

"Mama, unataka kusagiwa?" fundi akaniuliza.

"Hapana."

"Basi unataka kununua kinu?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka, nikaendelea na safari yangu. Lakini mawazo yalikuwa yameshateremka hadi kwenye kibanda cha baba yangu, kule chini kwenye miwa.

Nimehama sana maishani. Nimepanga nyumba Eldoret, Isiolo, Mtwapa na Busia, na kila nilikokaa niliambiwa nina miguu isiyotulia. Huko kote, nikiwaambia watu kwamba kwetu ni Kebirigo na nililelewa kwa mshahara wa reli, walinitazama mara mbili. Nyamira yote na Kisii yote hakuna hata futi moja ya reli. Kwetu ni vilima, majani chai na migomba. Watoto wa rika langu treni tuliijua kwa picha ya kitabu cha shule, na wengi tuliamini ni nyumba ndefu iliyokosa mji.

Baba alifanya kazi katika tambarare, mahali ambapo reli mbili zilikatana. Reli kubwa ilitoka Nairobi ikielekea Kisumu. Reli ndogo ilikuwa ya kiwanda cha sukari. Ilibeba miwa kutoka mashambani, na ilikatiza ile kubwa katikati ya uwanda, chuma juu ya chuma, bila daraja. Kazi ya baba ilikuwa kuhakikisha kwamba treni mbili hazifiki pale kwa wakati mmoja. Sisi tulimwita tata, kama watoto wote wa Kigusii wanavyomwita baba yao. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, na alipokuwa akizungumza na wageni nilimsikia akisema, "Jana nilivuta za mizigo nne na ya abiria moja." Nilimtazama mikono. Niliamini kwamba tata husimama mahali pa juu na kuzivuta treni kwa waya mpaka zifike, kama mtu anavyovuta ndoo kisimani.

Kanisani kulikuwa na maneno. Sisi tulikuwa Wasabato, na mama alikuwa akikaa kwenye benchi la mbele upande wa wanawake na watoto wake wanne bila mume. Watu walisema kule chini kwa miwa hakuna Sabato, kwamba treni haijui Jumamosi, na mtu anayeshika kazi ya treni ameshika kazi inayomshika pia. Hakuna aliyemwambia mama usoni, lakini aliyasikia yote. Mwaka ule jina la tata lilikuwa limetajwa miongoni mwa wale ambao huenda wangewekwa kuwa wazee wa kanisa. Mama alilitaka jambo lile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu chochote. Tata akiwa mzee wa kanisa, yale maneno yangekufa yenyewe.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, mama alinifungia nguo mbili na chupa ya maziwa ya mgando. Nilikuwa na miaka kumi hivi.

"Nenda ukakae na tata yako," aliniambia. "Uangalie vizuri. Ukirudi, watu wakikuuliza, uwe na la kuwaambia."

Nilidhani ananituma nikajifunze treni.

Kibanda cha tata kilikuwa kimeinuliwa juu ya ukuta wa matofali, na ngazi ya mbao ilipanda ubavuni. Kilikuwa na madirisha pande zote nne. Ndani kulikuwa na leva nane, yaani vyuma vya kuvuta kwa mikono, zilizosimama kwa mstari, ndefu kunishinda, nyingine nyekundu, nyingine nyeusi, na vishikio vyake viling'aa kwa kushikwa. Mtu hakuruhusiwa kuvishika kwa mkono mtupu. Tata alitumia kitambaa, kwa sababu jasho huleta kutu. Huko ndiko ilikotoka ile harufu. Chini ya madirisha miwa ilienea mpaka macho yanachoka, na joto lilikuwa la kumfanya mtoto wa Kebirigo avue hata sweta ambayo hakuivaa.

Pale nilipoteza ile imani yangu ya kwanza. Waya zilikuwepo kweli, zilipita kwenye magurudumu madogo kando ya reli, lakini hazikuvuta treni. Zilivuta mikono. Kwa kila upande ambao treni ingeweza kutokea kulikuwa na nguzo, na juu ya nguzo mkono wa bati jekundu. Mkono ukiwa umenyooka, treni husimama. Ukiinama, treni hupita. Usiku na jioni taa iliyowekwa nyuma yake ilibadilika nyekundu au kijani. Leva ya pili iliinamisha mkono wa reli kubwa upande wa Nairobi. Leva ya saba iliinamisha mkono wa reli ya miwa.

Siku moja tata aliivuta ya pili, kisha akaniambia, "Haya, Kemunto, vuta ya saba."

Niliishika kwa kitambaa, nikaweka mguu ukutani, nikavuta. Haikusogea. Nikaning'inia juu yake kama nguo. Tata alikuwa anacheka kimyakimya.

"Ni nzito," nikasema.

"Si nzito. Imefungwa."

Akafunua ubao wa sakafu. Chini yake kulikuwa na vyuma bapa vilivyolala kwa kukatana, kama fito za nyumba ya udongo kabla haijakandikwa, na kila chuma kilikuwa na mapengo na meno. Akanionyesha kwa kidole jinsi leva ya pili ilivyosukuma jino likaingia kwenye pengo la leva ya saba.

"Nikimpa mmoja njia, mwingine hawezi kupewa. Hata nikitaka. Hata nikiwa nimelewa. Hata mje wanaume kumi."

"Yule mwingine amekosa nini?"

"Hajakosa. Mwenzake amepewa, basi yeye angoje."

Nikafikiri kidogo. "Na kama hakuna treni inayokuja?"

"Basi mikono yote imenyooka. Kila mtu amekatazwa. Reli hulala hivyo, imekataza pande zote, na mwenye haja ndiye anayekuja kuomba. Waya ukikatika, kuna uzito kwenye nguzo unaourudisha mkono ukanyooka. Mimi nikianguka hapa kwenye kiti nikafa, hakuna atakayeumia. Watakasirika tu."

Nililipenda sana jambo lile. Nyumbani, mambo yakiachwa yanaharibika. Majani yasipochumwa yanakomaa, maziwa yasipochemshwa yanachacha. Pale kwa tata, kitu kikiachwa kilikuwa salama. Nilizunguka na elimu ile kama mtu aliyepewa zawadi.

Mwenzake tata kwa zamu aliitwa Okeyo, Mjaluo wa maeneo yaleyale, mtu mrefu aliyependa mzaha. Walikuwa wamekubaliana zamani, na mkubwa wao wa kazi aliridhia: Okeyo angeshika kibanda kuanzia Ijumaa jioni, maana Sabato yetu huanza jua likizama, mpaka Jumamosi jioni, ili tata afungue Sabato yake kwa utulivu, na tata angeshika Jumapili Okeyo aende kwenye kanisa lake. "Tumemgawia Mungu zamu mbili," Okeyo aliniambia, "na hajalalamika." Kila Ijumaa alifika na baiskeli jua likiwa limebakisha vidole viwili. Tata alikuwa akinyoosha mkono mbele ya dirisha na kupima nafasi kati ya jua na miwa kwa vidole vyake.

"Jakisii," Okeyo angemwita akipanda ngazi, "jua lenu la Kisii linakimbia. Hili letu hapa bado lina dakika za kutosha."

"Hilo lenu mtalimaliza wenyewe," tata angemjibu, huku akiandika saa kwenye kitabu cha zamu. "Mimi nimeshika langu."

Ijumaa moja Okeyo hakutokea. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri, mvua ya tambarare isiyo na pa kukimbilia, na kijito kati ya kwake na reli kilikuwa kimefurika. Wingu lilipasuka kidogo upande wa magharibi tukaliona jua. Tata alipima. Vidole vitatu. Kisha viwili. Kisha kimoja. Treni ya miwa ilikuwa imepita muda mrefu. Tata aliirudisha kila leva mahali pake, mikono yote ikanyooka, akawasha taa, akanawa kwenye beseni, akavaa shati jeupe. Tukaketi kwenye benchi tukaimba wimbo wa kufungua Sabato, sauti zetu mbili na mvua juu ya bati. Tulipokuwa tukiimba jua lilizama. Nililiona likizama.

Alikuwa ameanza kuomba simu ilipolia. Ilikuwa ile simu ya kuzungusha mkono, na sauti ya stesheni masta wa jirani ilitoka kwa nguvu hata mimi niliisikia.

"Treni ya abiria imetoka hapa."

"Mwenye zamu hajafika," tata akasema.

"Wewe hapo ni nani?"

"Mimi nipo. Lakini zamu yangu imeisha."

"Kama upo, zamu ipo," stesheni masta akasema, akakata.

Treni haikuchukua muda. Taa yake kubwa ilitokea kwenye mvua, ikapunguza mwendo, ikasimama mbele ya mkono uliokuwa kama hatua mia mbili kutoka kwetu. Ikapiga honi mara moja. Tata alikuwa amesimama katikati ya kibanda, mikono nyuma. Ikapiga tena. Wanaume wawili waliteremka na kusimama kando ya reli wakitutazama, wamejifunika gunia moja. Mtoto alikuwa akilia katika behewa fulani, kilio kile cha usingizi na njaa ambacho si cha ugonjwa. Dakika zilizidi kwenda. Tata alitazama upande wa kijito, hakukuwa na baiskeli. Alitazama leva. Alitazama shati lake.

Nikapata wazo zuri. Mimi sikuwa nimebatizwa bado. Watoto wasiobatizwa hatukuwa kwenye kitabu cha washiriki.

"Tata, acha nivute mimi. Mimi sihesabiwi."

Akanigeukia, uso wake ukalegea kidogo. "Ukivuta wewe, nitakuwa nimevuta mara mbili," akasema. "Mara moja kwa chuma, mara moja kwa mtoto."

Kisha akachukua kitambaa, akakishika kishikio cha leva ya pili, akavuta. Waya ukalia, mkono kule mbele ukainama, taa ikawa kijani. Treni ikaanza kusogea. Ilipopita chini yetu kibanda kilitetemeka, na magurudumu yaliporuka mianya ya pale reli zinapokatana kulisikika mlio kama wa masufuria mia yanayoangushwa kwa mpangilio. Madirishani watu walikuwa wanatafuna miwa na kutupa makapi nje. Msichana mmoja alinipungia mkono, nami nikampungia. Nilikuwa na furaha tupu. Tata aliirudisha leva, akaketi, hakumalizia sala.

Okeyo alifika akiwa amebeba baiskeli begani, matope mpaka kiunoni. Alitazama shati jeupe la tata, akatazama kitambaa mkononi mwake, mzaha ukamwisha.

"Umeivuta wewe?"

"Mimi."

"Omera, ndugu yangu, andika kwamba nilikuwa nimefika. Mimi nitasaini. Jina langu halina shida na Ijumaa."

Tata alitikisa kichwa, akaandika saa aliyofika Okeyo, ileile, dakika kwa dakika.

Wiki mbili baadaye tata alipata likizo, tukapanda pamoja kwenda nyumbani. Sabato iliyofuata nilikaa na watoto wenzangu nyuma ya kanisa, kwenye nyasi, ambapo mwalimu wetu, dada mpole aliyeitwa Kerubo, alikuwa akitufundisha. Aliuliza nani ana ushuhuda wa likizo. Nilisimama kabla hajamaliza. Mama alikuwa ameniambia niwe na la kuwaambia watu, nami nilikuwa nalo.

Nikawaeleza kuhusu reli mbili, leva nane, mikono na meno ya chini ya sakafu. Nikawaeleza kuhusu mvua, Okeyo aliyechelewa, treni iliyojaa watu ikipiga honi, na tata akivuta leva ya pili na watu wote wakaenda nyumbani kwao. Watoto walifumbua midomo. Dada Kerubo alikuwa akitabasamu, kisha tabasamu likabaki mdomoni bila kazi.

"Jua lilikuwa limezama, Kemunto?"

"Kabisa!" nikasema. "Tulikuwa tumeshaimba."

"Asante. Keti."

Sijui nani alimwambia nani. Jumapili mchana wazee wawili wa kanisa walikuja kwetu. Aliyetangulia alikuwa Mzee Makori, ambaye alikuwa amembatiza tata mtoni na kumpenda kama mdogo wake. Wa pili alibeba Biblia na hakusema neno siku nzima isipokuwa asante kwa chakula. Mama alikuwa amechinja kuku, na ugali wa wimbi ulikuwa unafuka kwenye kikapu. Walikula kwanza, kama ilivyo desturi yetu, maana jambo zito halianzwi na matumbo matupu. Mimi nilikuwa nashika birika la kunawia mikono, na kwa hiyo nilikuwepo.

"Ndugu Onchiri," Mzee Makori alimwambia tata, "tumesikia jambo kupitia vinywa vya watoto. Hatukuja kukuhukumu. Tumekuja kuuliza ili tuweze kujibu tukiulizwa."

"Ulizeni, mzee."

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, tunamtoa. Hilo Bwana mwenyewe amelisema, na hakuna wa kulipinga." Alizungumza polepole sana, akimtazama tata machoni. "Kwa hiyo nakuuliza, jioni ile, kule kwenye treni, kulikuwa na hatari? Kulikuwa na mgonjwa, au ajali ingetokea? Fikiri vizuri kabla hujajibu."

Mama aliacha kukusanya sahani. Tata alivuta pumzi na kufungua mdomo.

Mimi nikamtangulia. Niliona mzee wa watu anawaza vibaya kuhusu kibanda cha tata, kwamba ni mahali pa ajali, na sikuweza kuvumilia.

"Hapana, Mzee! Hakukuwa na hatari yoyote!"

Wote wakanigeukia. Nikaweka birika chini. Nikachukua mwiko na kuulaza mezani, nikaukatiza mwingine juu yake, nikasimamisha vijiko kuwa nguzo. Nikamweleza Mzee Makori kwamba mikono yote ilikuwa imenyooka, kwamba reli hulala ikiwa imekataza pande zote, na kwamba hata tata angekufa kwenye kiti hakuna ambaye angeumia. Treni ya miwa ilikuwa imeshapita. Watu walikuwa wanatafuna miwa, niliwaona kwa macho yangu. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Mzee Makori alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, na macho yake yalizidi kuwa na huzuni kadiri nilivyozidi kueleza vizuri.

"Kwa hiyo tata yako asingevuta, ingekuwaje?"

"Wangekaa pale mpaka Okeyo aje," nikasema kwa fahari. "Salama kabisa."

Kuku wetu mmoja aliingia mlangoni, akatazama, akatoka.

"Ni hivyo, ndugu?" Mzee Makori akauliza.

Tata alikuwa bado na mdomo wazi kidogo. Akaufunga. Akatazama miiko yangu iliyokatana mezani.

"Mtoto amesema kweli," akasema.

"Basi kwa nini ulivuta?"

"Watu walikuwa wanangoja."

Mzee Makori aliinamisha kichwa. "Sote tunangoja, Ndugu Onchiri," akasema, bila ukali wowote. Wakaomba, wakaondoka. Tata aliwasindikiza mpaka barabarani na kurudi peke yake.

Majina yaliposomwa kanisani, la tata halikuwemo. Lilisomwa baadaye, mahali pengine kwenye karatasi, pamoja na maneno kwamba hatashiriki Meza ya Bwana mpaka robo ile ya mwaka iishe. Tata aliitika amina kama wengine. Mama alikuwa kwenye benchi lake la mbele, mgongo umenyooka, na kutoka siku hiyo akaanza kukaa benchi la nne.

Hakunipiga. Kwa siku kadhaa hakuniambia lolote isipokuwa lete maji, funga ndama. Jioni moja tulikuwa tunatenganisha majani makavu na kuni, akasema bila kunitazama, "Nilikutuma uangalie."

"Niliangalia, mama."

"Uliangalia vyuma."

Nilikuwa kama na miaka kumi na tano nilipoelewa. Nilikuwa naosha vyombo, wala sikuwa nawaza kanisa. Ghafla nikaisikia tena sauti ya Mzee Makori ikisema fikiri vizuri kabla hujajibu, nikaelewa kwamba yule mzee alikuwa amefungua mlango na kusimama kando yake akiushikilia, na mimi nilikuwa nimekuja mbio na kuufunga. Niliweka sufuria chini. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuondoka. Sisemi sababu ni moja, lakini nyumba ya baba niliyemfungia mlango haikuwa rahisi kukaa. Nilirudi kwa sikukuu na mazishi, nikaondoka tena kabla mazungumzo hayajafika mahali.

Reli ya miwa iling'olewa. Kibanda kikafungwa, tata akarudi nyumbani na sanduku moja. Hakuwahi kuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa kurekebisha vioo vya madirisha ya kanisa na kuketi nyuma karibu na mlango, na alionekana kuridhika, jambo ambalo lilinisumbua zaidi. Mama alikufa akiwa bado mtu wa benchi la nne, hakuwahi kurudi la mbele.

Mwaka uliofuata mazishi ya mama nilikaa nyumbani majuma matatu, muda mrefu kuliko nilivyozoea. Asubuhi moja tulikuwa tunachuma majani, yeye mstari wake, mimi wangu, vikapu mgongoni. Umande ulikuwa umetulowesha mpaka mapajani. Labda ni kwa sababu hatukuwa tunatazamana. Nilimwambia.

"Tata, siku ile Mzee Makori alipokuja. Nilipomjibu. Sikujua alikuwa anakusaidia."

Aliendelea kuchuma. Vidole vyake vilikuwa bado vya haraka, majani mawili na ncha, majani mawili na ncha.

"Nilijua hujui," akasema.

"Nilikuharibia."

Akasogea mche mmoja mbele. Kisha akasema, "Nilikuwa nimeshamtunga."

"Nani?"

"Mama mjamzito. Behewa la tatu, karibu na dirisha. Makori alipouliza, nikamwona palepale. Leso ya kijani. Uchungu umemshika, wenzake wamemzunguka, anahitaji kufika Kisumu. Nilikuwa nimefungua mdomo kumtoa." Akatupa konzi ya majani kikapuni. "Makori angeamini. Alitaka kuamini. Mama yako naye angepata mahali pake pa kukaa. Na mimi ningesimama mbele ya kanisa kila Sabato na yule mama mgongoni."

Nilikuwa nimeacha kuchuma.

"Halafu wewe ukasema watu walikuwa wanatafuna miwa," akasema. "Nikamwona anashuka kwenye behewa, ameshika leso yake, anaondoka kwa miguu."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikamwacha aende."

Alinyoosha mgongo na kutazama upande wa bondeni, ambako ukungu ulikuwa unaanza kuinuka juu ya majani chai. Nikamwuliza kama wakati ule alinihurumia, mtoto niliyesimama na miiko yangu mezani nikidhani ninamtetea.

"Wewe ulikuwa sawa," tata akasema. "Nilimhurumia yule mama. Mvua ilikuwa nyingi."